Chupa ya Pako Haitaki Samaki

Haya, tulieni. Mmeniuliza kisimani, mmeniuliza kwenye majamvi ya kuanika kamba, mmeniuliza mpaka msibani, mtu na kanga yake ya kilio ananinong'oneza sikioni: "Bi Somoe, kweli ulibeba pombe ya mzungu siku tatu?" Kweli. Niliibeba. Na kwa kuwa kila mmoja wenu ana safari yangu anayoijua kuliko mimi, na katika ile ya Bi Mtoro mimi nimelewa nikacheza ngoma juu ya pantoni, basi nimemkalisha Mwalimu Perpetua aandike ya kwangu. Mimi kalamu sijui hata inashikwa upande gani. Nimemwambia: andika ninavyosema, usininyooshe. Anacheka. Cheka, lakini andika.

Pako mnamjua, ila atakayesomewa haya mbali hamjui. Ni yule Mspania wa barafu. Enzi hizi za ruksa ya biashara wanunuzi wa kamba walipotumiminikia huku Kiongoroni, kila mmoja na boti yake na mzani wake, yeye alikuja kama fundi wa mashine ya barafu. Akakaa chumba changu cha uani, nikawa nampikia. Alikuja na chupa mbili za mvinyo mwekundu, baba yake ndiye aliyeutengeneza kwa mikono yake.

"Bibi," anasema, na ulimi wake unapiga ngoma, "Bibi, hii si mvinyo ya mtoto. Hii ni dume la ng'ombe!" Mji wa kwao unaitwa Toro, na Toro, anasema, ndiyo fahali. Akanieleza mizabibu ya baba yake: haipandi uchanja, imekaa chini kwenye mchanga mtupu, mifupi, imejikunja, ina miaka kuliko watu. Nikamwambia, "Hiyo umeniona mimi, siyo mizabibu."

Chupa ya kwanza aliifungua siku ile ile, nikamwekea kamba wa nazi. Akanywa, akala kamba, akanywa tena. Uso ukakunjamana kama kitambaa kilichofuliwa kikakamuliwa. "Msumari! Bibi, nalamba msumari!"

Kamba wangu, msumari? Nilimtolea macho mpaka akashika moyo. "Hapana, Bibi, hapana! Kamba nzuri. Mvinyo nzuri. Hawa wawili hawapendani." Basi ile ya pili akanikabidhi. "Weka, Bibi. Mpaka siku nitapata nyama." Nyama, huku kwetu kwenye mikoko na matope! Nikaifukia mchangani chini ya mtungi wa maji, ilale kwenye ubaridi. Ikawa amana.

Halafu homa ikamkamata, ile ya kuongea na ukuta. Wakampakia kwenye boti wakampeleka zahanati Kibiti. Wiki mbili kimya. Ndipo Shamte mwenye mtumbwi akarudi na habari: homa imetoka, lakini mtu hajarudi. Hali kitu. Anapewa uji anageuza uso ukutani. Anapewa wali, ukutani. Supu ya samaki, ukutani. Neno lake ni moja tu: "Mwambie Bibi alete chupa ya baba."

Pale uani sote tulijua maana yake. Mtu akianza kukusanya amana zake anafunga mizigo. Babu yangu siku tatu kabla hajafa aliita shoka lake lililokuwa kwa jirani.

Nikaenda kwa sheikh. Akanijibu kwa ile sauti yake ya kutoka tumboni: "Somoe, kitu hicho kimelaaniwa, na anayekibeba kalaaniwa."

"Na anayekhini amana je, Sheikh?"

Akashika ndevu. Akazishika sana. Mwisho akasema, "Nenda. Lakini usinipitie mlangoni nayo."

Amana haitumwi. Mkono uliopokea ndio unaorudisha. Ila niliwaza hivi: nikimfikishia chupa peke yake, nimempelekea sanda. Nikimfikishia chupa na chakula chake, chakula kinachopendana nayo, labda nimempelekea kifungua kinywa. Chakula gani, sikujua.

Kiongoroni mpaka Mohoro

Tuliondoka na maji yanayojaa, mimi, Mwalimu Perpetua aliyekuwa na shughuli yake Kibiti, na Shamte kwenye pondo. Mzigo wangu: chupa ndani ya gunia lililoloweshwa, kikapu cha kamba wakavu, na tita la kuni za mkandaa, mkoko wetu wenye gome kali. Shamte akaziangalia kuni. "Bi Somoe, wewe unapeleka mchanga baharini?" Nikamwambia apige pondo.

Mimi nimezaliwa kwenye mikoko ile, lakini siku hiyo niliiona kama mgeni. Mnajua kule mito inapobanana, matawi yanakutana juu, kunakuwa kijani mpaka mikono yako inakuwa kijani. Hakuna sauti ila kaa wanavyobofya bofya kwenye matope, elfu kwa elfu, kama watu wengi wanapiga tasbihi. Hata Perpetua alinyamaza, na huyu kunyamaza kwake ni kwa msimu.

Maji yakatuacha. Ndiyo, yalitoka chini yetu kama mtu anayevuta mkeka, mtumbwi ukalala kwenye tope. Mwalimu akashika kingo mbili, akamwita mama kwa lugha ya kwao. "Mawe! Maji yameenda wapi?"

"Yameenda kwao," nikamwambia. "Yatarudi."

"Yatarudi saa ngapi? Sisi Bukoba ziwa haliondoki! Unalala lipo, unaamka lipo!"

Basi tukakaa. Saa nyingi. Tukala wali baridi na kamba. Nami kwa kukosa kazi nikabandua gome la kuni yangu ya mkandaa nikawa natafuna, mazoea ya utoto. Likanikausha mdomo mpaka midomo ikagandana na meno. Nikakumbuka uso wa Pako na msumari wake.

"Mwalimu," nikasema, "wewe ile chupa ya kwanza si ulionjeshwa?"

"Kidogo, Bibi. Kikombe."

"Kidogo, kikombe! Haya, lamba hili gome uniambie."

Akalamba. Macho yakamtoka. "Ndiyo yenyewe! Hivi hivi! Ilinikausha ulimi hivi hivi, Bibi!"

Hapo nikaelewa. Maana gome la mkandaa mimi nalijua. Marehemu baba yangu alikuwa anawamba ngoma, ngozi za mbuzi alizilaza kwenye maji ya gome hili. Likikutana na ngozi mbichi yenye mafuta, gome linakunywa yale mafuta, ngozi inalainika, na maji yenyewe yanapoteza ukali. Wanamalizana. Ukilitia kwenye samaki, samaki anakuwa mchungu kama kutu, kwa sababu hana cha kulipa. Mvinyo wa Pako ulikuwa unatafuta mafuta. Mtu wa mchangani kule Uspania na mtu wa matopeni huku, miti yao miwili inasema neno moja, na hakuna aliyewahi kuikutanisha! Nilikaa pale kwenye tope nimeshika gome, nikamhimidi Mungu kwa sauti mpaka Shamte akaniuliza kama nimeumwa na mdudu.

Maji yalirudi, kama nilivyosema. Mohoro tuliingia jua linaegemea.

Mohoro mpaka Ndundu

Kesho yake lori la mpunga. Dereva kijana wa Dar, miwani myeusi, anaongea huku anatafuna maneno nusu. "Bi mkubwa, hizo kuni vipi? Kibiti nzima pori, bi mkubwa! Unataka kuchekesha watu?"

"Mwanangu, wewe ukienda ugenini si unabeba mswaki wako?"

Akacheka, akanikalisha mbele. Kila kijito nilimsimamisha nikaloweshe gunia. Mara ya tatu akataka kujua. Mwalimu akamwambia, kwa sababu Mwalimu siri kwake ni kama maji kwenye pakacha.

"Mvinyo? Ah! Mjini hiyo inapigwa na chipsi kuku, bi mkubwa. Iwe baridi ya friji, meno yaume!"

Perpetua akaruka. "Wewe! Mvinyo mwekundu hauwekwi friji! Huo ungekuwa Bukoba tungeunywa na ndizi na nyama ya ng'ombe, zimeiva pamoja mpaka zimesahau ipi ni ipi!"

Wakabishana mpaka kijiji cha tatu. Nikagundua jambo: ukimuuliza mtu chakula gani kinafaa, anakutajia kwao. Pako alikuwa akinitajia nini? Nikatafuta kichwani. Siku moja, anamenya kitunguu jikoni kwangu, alisema kwao sikukuu wanachoma kondoo. Chumvi tu, na kuni za mzabibu. Nikashika magoti. Kondoo! Na kondoo wetu huku, yule mwenye mkia, si ni mfuko wa mafuta unaotembea?

Ndundu, tulipokaa

Rufiji pale Ndundu si mto, ni nchi inayotembea. Maji ya kahawia yanapita mapana, hayana haraka wala hayasimami, viboko wamelala katikati kama mawe yenye masikio. Na pantoni iko ng'ambo, imepanda fungu la mchanga, imekaa. Watu wamejipanga huku na mizigo yao, wengine toka juzi. Mama ntilie mmoja akatupa mkeka na perege wa kukaanga, tukalala kwake.

Asubuhi Mwalimu akaenda kusikiliza habari za pantoni, nikabaki na mzigo. Pembeni yangu alikaa mgema mmoja mzee, Mzee Mbonde, kibuyu begani na kisu chake cha kugemea kiunoni. Mtu mpole, anaongea kama anahesabu kila neno.

"Mama. Gunia hilo. Lina nini?"

"Kinywaji cha mgonjwa, cha matunda."

Akapapasa chupa. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma na gunia limekauka. Akatoa mkono kama aliyegusa chungu. "Mama. Hii imezibwa?"

"Imezibwa."

"Imezibwa kabisa? Na jua hili? Mama, umekaa na bomu."

Ninyi nyote mmekulia kwenye minazi, mnajua. Tembo la mnazi haliachwi bila pumzi. Unaliziba kwa makumbi ya nazi, lipumue, la sivyo linachemka lenyewe linavunja chombo. Shangazi yangu ana kovu kwenye nyusi mpaka leo. Nikaiona chupa ya baba yake Pako imepasuka mapajani mwangu, mvinyo mchangani, na mimi nafika Kibiti na vigae. "Ifungue basi," nikasema. Mwenyezi Mungu shahidi, mimi ndiye niliyesema.

Mzee Mbonde akatia ncha ya kisu kwenye kizibo, akazungusha polepole, akazungusha, kikatoka. *Po!*

Jamani. Harufu.

Pombe nimeinusa maisha yangu yote, nimekulia jirani na wagema. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa zambarau zilizoiva mpaka zimedondoka, na ardhi ya mvua ya kwanza, na kitu kama karafuu, na nyuma kabisa ngozi mpya ya ngoma, ya baba yangu. Tone moja likadondoka kwenye kanga, jeusi, halafu jua likalipitia likawa jekundu kama jicho la kaa la moto. Mzee Mbonde akavua kofia. Akanusa tena. "Mama," akasema, "mimi nimegema miaka arobaini. Aliyetengeneza hii, mimi ni mwanafunzi wake." Na mgema kumsifu mgema mwenzie, mlishasikia wapi?

Akaziba kwa makumbi safi. Ndipo Perpetua akarudi.

"Bibi! Umefanya nini? Umeifungua? Mvinyo ukifunguliwa unakufa! Unageuka siki! Mawe, Bibi, mawe!"

"Ingepasuka..."

"Haipasuki! Si tembo hilo! Inakaa imezibwa miaka kumi!"

Nikamtazama Mzee Mbonde. Mzee Mbonde akatazama mto. Mimi Somoe, niliyemjibu sheikh, amana ya mtu anayekufa nimeifungua kwa neno la kinywa changu. Nilitamani yule kiboko wa karibu afumbue mdomo niingie.

Pantoni ilikuja saa hiyo hiyo, ndivyo dunia ilivyo. Nilivuka nimeikumbatia chupa kama kichanga. Harufu ikatembea. Watu wakaanza kugeuka mmoja mmoja, wanatafuta. Bwana mmoja mwenye kanzu akasogea, akanusa, akaniangalia na mvi zangu. "Bibi, unanukia harusi." Nikaifunika chupa kwa kanga, nikamgeuzia mgongo.

Ikwiriri

Pale tulisimama kidogo tu, kwa ajili ya bucha. "Kondoo?" anasema mwenye bucha, sauti nyembamba kama filimbi. "Bibi, watu wote wanataka mbuzi. Kondoo ninaye mmoja, nimewachinjia watu wa nyumbani kwangu."

Nikafunua kikapu. Kamba wa Kiongoroni, wakavu, wekundu, kila mmoja amejikunja vizuri. Akashika mmoja, akamvunja, akamtafuna. Kikapu kikabaki kwake, mimi nikaondoka na ubavu mzima na mkia, mkia mzito, unatikisika kama uji ulioganda. Njia nzima mpaka Kibiti niliutazama nikasema moyoni: wewe ukifika na ile imeshageuka siki, tumekwisha wote wawili.

Kibiti, nyuma ya zahanati

Muuguzi jina lake Sista Tumaini, mtu wa bara, mrefu, anaongea kama anaandikisha watu. "Bibi, jina. Bibi, unamtaka nani. Bibi, saa za kuona wagonjwa ni saa kumi mpaka kumi na mbili."

"Saa hizi ni ngapi?"

Akatazama saa yake. "Kumi na moja." Akanuna kwa kukosa pa kunizuia.

Pako alikuwa amelala kaelekea ukutani. Jamani, mtu yule mkubwa, mabega yamebaki kama kiango cha nguo. Nikamwita. Hakugeuka. "Bibi," akasema, na ile rrr yake haina ngoma tena, "umeleta ya baba?"

"Nimeleta. Subiri."

Sikumpa. Nilitoka nyuma, Mwalimu akanipangia mawe matatu, nikawasha mkandaa wangu. Kuni ile mnaijua, haina moto wa kelele, ina makaa yanayokaa. Ubavu nikautia chumvi, basi. Sikutia nazi wala ndimu. Mafuta yakaanza kudondoka, moshi ukainuka, na dirisha la wodi lilikuwa juu yangu. Sista Tumaini akatoa kichwa. "Bibi! Hii ni zahanati au ni kituo cha basi?" Halafu akabaki pale pale dirishani, anavuta pumzi.

Nikaingia na sinia mkono mmoja, chupa mkono mmoja. Nikapiga magoti, maana amana inarudishwa hivyo, na kosa linasemwa hivyo. "Pako, mwanangu. Pokea amana yako. Nimeilaza kwenye ubaridi, nimeibeba mwenyewe. Lakini Ndundu niliifungua. Niliogopa itapasuka kama tembo. Kama nimeiua, nisamehe."

Akageuka. Taratibu, kama mtumbwi uliokwama. Akaona makumbi ya nazi kwenye mdomo wa chupa ya baba yake. Midomo ikaanza kumtetemeka nami nikasema, haya, nimemmaliza.

"Lini, Bibi? Saa ngapi umefungua?"

"Asubuhi. Kabla ya pantoni."

Alikuwa anacheka! Anacheka na machozi yanaingia masikioni. "Bibi. Baba yangu, siku ya kondoo, anafungua asubuhi. Kila mwaka. Anasema fahali amelala ndani ya chupa miaka mingi, ukimtoa ghafla anakupiga pembe. Mwache asimame kwanza. Apumue. Jioni ndiyo unakula naye." Akavuta yale makumbi, akanusa, akafumba macho muda mrefu sana. "Nilitaka kunusa tu, Bibi. Nione kwetu kabla... kunusa tu."

"Umeshanusa," nikasema. "Sasa kula."

Sista Tumaini alishafika na kijiko. "Vijiko vitatu! Vitatu tu vya hiyo, nitahesabu mwenyewe!" Akampa kimoja. Nikamwona anavyokaukiwa, yale yale ya gome. Nikambanulia ubavu mmoja wenye mafuta, nikauweka mdomoni pake kama namlisha ndege. Hakugeukia ukuta. Akatafuna. Akatafuna. Uso wake, wenzangu, sijui niseme nini, ulifunguka kama maji yanavyorudi kwenye mto uliokauka, kwanza pembeni, halafu kote. Wakapendana wale wawili mdomoni mwake, nikaona kwa macho.

Alikula mbavu tatu. Perpetua naye akaonja, kipande cha mafuta kwanza, kisha mvinyo, na hakusema Bukoba mara hata moja. Aliweka mkono kifuani akakaa. Sista Tumaini kijiko chake mwenyewe alikiita cha kupima.

Mimi? Ndilo swali lenu, najua, ndilo mnalonizungukia tangu nimerudi. Sikuonja. Niliguguna mfupa. Lakini lile tone la Ndundu lipo kwenye kanga, nimelifua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, limekataa. Sheikh amelitazama, ameniuliza kama amana ilifika, nimemwambia ilifika, na hakuuliza lingine.

Asubuhi yake nimelala kwenye mkeka barazani pa wodi, nikasikia miguu. Si miguu ya Sista, yake inapiga chini kama inadai kodi. Hii ilikuwa inaburuza, inashika ukuta, inasimama, inakuja tena. Nikafumbua macho. Pako kasimama mlangoni, shuka kajifunga kiunoni kama mvuvi, nywele zimesimama, ana njaa usoni.

"Bibi," akasema, na ngoma ya rrr imerudi. "Nyama imebaki?"

Nilikuwa nimemwekea mkia.